Kompyuta nzito si lazima iwe na virusi: fundi aangalie kwanza, kufomati kuje nyuma

Katika sekretaria za Bukavu, Goma au Butembo, pale wanafunzi wanapopeleka TFC zao kupigwa na kutolewa kwenye karatasi, neno moja linaeleza kila ugonjwa wa kompyuta: virusi. Mashini ikichelewa kufungua ukurasa, ni virusi. Ikinguruma bila kuguswa, ni virusi. Na dawa ni moja: kufomati. Mteja asiyekuwa na kopi ya kazi yake analipa, kisha anarudi nyumbani na mashini tupu. Picha za familia, barua za kazi, sura tatu za TFC, vyote vimekwenda.

Dawa hiyo inatolewa haraka mno. Tangu Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, kompyuta za Windows zina mtumishi wa ndani anayefanya kazi bila kuitwa. Anapita katika faili, anasoma majina yake na maneno yaliyomo, kisha anayaandika katika daftari moja. Siku mwenye mashini anapotafuta neno, jibu linatoka kwenye daftari hilo upesi, bila kupekua faili moja moja. Kwenye Windows ya Kifaransa, kazi hiyo inaitwa « indexation ».

Ni kazi nzuri, lakini si kila mashini inaiweza. Kompyuta nyingi za okazioni bado zina diski dure ya zamani, ile inayozunguka na kusomwa kwa mkono mdogo unaokwenda na kurudi. Mtumishi akisoma faili zake wakati huohuo mwanafunzi anafungua Word, mkono huo unakimbia huku na kule, na wote wawili wanangoja. Kwenye diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, mwenye mashini haoni tofauti kubwa.

Ni kweli, Windows imefundishwa kupunguza kazi hiyo mtu anapotumia kompyuta. Lakini kwenye mashini ya zamani adabu hiyo haitoshi kila mara, hasa baada ya kumwaga maelfu ya faili kutoka kwenye flashi. Tena umeme ukikatika ghafla, daftari linaweza kuharibika, na mtumishi akalianza upya. Katika miji ambako umeme unakwenda na kurudi, jambo hilo si dogo.

Kuhakikisha kunaomba dakika chache tu. Fundi abonyeze Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja, kisha atazame safu ya « Disque ». Ikiwa imefika 100%, aangalie ni nani anayeila. Anaweza kukuta ni antivirusi, au Windows inayojisasisha, au kweli ni virusi. Lakini akikuta SearchIndexer, hakuna sababu ya kufuta kitu. Katika « Options d'indexation » aondoe alama kwenye makabrasha ya filamu na muziki ambayo hakuna anayetafuta neno ndani yake. Faili zinabaki mahali pake. Zinatoka tu kwenye daftari.

Kuna mafundi wanaozima huduma hiyo yote. Kwa mashini ya kupiga maandishi tu, si kosa. Kwa ofisi inayotumia Outlook, kutafuta barua ya mwaka jana kutakuwa kazi nzito. Basi mteja aulizwe kwanza.

Wengine watajibu kwamba kufomati kunafanya mashini ikimbie. Ndiyo, inakimbia, kwa sababu mtumishi hana kitu kingi cha kusoma. Mteja akirudisha faili zake, kazi inaanza tena toka mwanzo, na baada ya siku chache anarudi kwa fundi na pesa nyingine mkononi.

Hapo ndipo haki ya mteja inapoanzia. Kabla ya kulipa, aombe kioo kigeuzwe upande wake, aonyeshwe kinachokula diski, na kazi yake iwekwe kwanza kwenye flashi. Fundi anayejua kazi hatachukia ombi hilo. Na shule zinazofundisha informatiki zifundishe kuangalia kabla ya kufundisha kufuta: mashini inaweza kungoja nusu saa, lakini TFC iliyofutwa bila kopi inaweza kumgharimu mwanafunzi mwaka mzima.