Ngoma Haina Mgeni Rasmi

Ukiona ratiba imeandikwa "Burudani: ngoma ya asili, dakika tano", ujue kuna akina mama watakaopigwa na jua. Na jua la Same mnalijua. Kikundi kinashuka milimani alfajiri kwa gari la mkaa, kinasubiri msafara mpaka saa nane mchana, kisha mshereheshaji anakikatisha kabla mwimbaji hajaanza kuwasema watu, na hapo ndipo utamu ulipo. Malipo ni soda na nauli. Nyimbo za Chasu siku hizi zimejaa majina ya viongozi. Nasoma shahada ya uzamili, na kila mara naombwa niandike kwamba utamaduni wetu "unaenziwa". Siandiki.

Tumezoea kuwalaumu wamisionari. Ni kweli, Wasabato wamekuwa Upare Kusini tangu 1903, Walutheri nao walikuwapo, na ngoma haikuwa rafiki yao. Lakini waliikataza kwa sababu waliiona ina nguvu. Sisi tumeigeuza zulia la kukanyagwa na wageni.

Mwaka 1962 Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi walijua rumba kuliko ngoma za kwao. Mwaka uliofuata likaundwa kundi la taifa la ngoma. Nia ilikuwa njema, ila jukwaa lina tabia zake: ngoma iliyokuwa ya kukesha ikawa ya dakika kumi, wachezaji wakapangwa mistari kama gwaride, wakitazama meza kuu.

Najua jibu litakalokuja: ngoma ni ushirikina, makanisa hayatakubali. Basi nendeni Bujora, Kisesa, nje ya Mwanza. Kule tamasha la Bulabo, mwezi wa Juni, linafungamana na sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi. Bagika na Bagalu wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu. (Dawa za kuvutia watu nazo husemwa zipo, na padre haanguki.)

Same inahitaji siku ya namna hiyo. Iwe siku ya gulio, wakati watu wa Mbaga, Chome, Gonja na Mamba wanashuka kwa shughuli zao. Januari 1945 Wapare walishuka hivyohivyo kwa maelfu mpaka Same, wakapiga kambi wakiikataa kodi ya mbiru. Mji huu unajua kubeba umati ambao haukuja kumpigia mtu makofi.

Hema na spika tayari hukodiwa kwa ajili ya hotuba. Zikodiwe kwa ajili ya ngoma. Wapigaji walipwe fedha taslimu kabla ya kupanda gari la kurudi. Meza kuu isiwepo. Kiongozi anakaribishwa, asimame na wenzake, na akitaka kuzungumza asubiri ngoma iishe.