Tegu wa ng'ombe: Tusimlaumu mfugaji kabla ya kuangalia vyoo vyetu

Zamani pwani ya Kilwa haikuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o walikuwa wengi, na kitoweo cha watu wa Kiswere kilitoka baharini. Mambo yalibadilika hasa baada ya mwaka 2006 na 2007, serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Leo ng'ombe ni sehemu ya maisha ya Kilwa, na nyama yake inaliwa majumbani, kwenye harusi na kwenye vibanda vya mishikaki.

Ugomvi wa mashamba na malisho tumeuzoea. Kwenye suala la minyoo pia ni rahisi kulaumiana: mkulima atasema tegu kaletwa na ng'ombe wa mfugaji, na mfugaji atasema ng'ombe wake walifika wazima. Ukweli ni kwamba ng'ombe hamwambukizi ng'ombe mwenzake tegu huyu. Ng'ombe anaambukizwa na binadamu.

Mzunguko ulivyo

Tegu mkubwa anaishi kwenye utumbo wa mtu. Ni mnyoo bapa kama utepe, anayeweza kuzidi mita 5 na kuishi miaka mingi. Mwili wake ni pingili nyingi zilizoungana. Kila siku pingili chache hukatika na kutoka na kinyesi, au hutoka zenyewe na kuonekana kwenye nguo ya ndani zikijongea. Pingili moja hubeba makumi ya maelfu ya mayai.

Mtu huyo akijisaidia kichakani, mayai hubaki kwenye majani na kuweza kuishi kwa miezi. Fikiria msimu wa ufuta. Familia inahamia shambani kwa wiki kadhaa, na huko hakuna choo. Mavuno yakiisha, ng'ombe wanaingia kula mabaki. Mchungaji naye anashinda porini, hana choo. Hapo mkulima na mfugaji wote wawili wamechangia.

Ng'ombe akila mayai hayo, viini vya tegu huingia kwenye misuli na kuwa vifuko vidogo vyenye maji, mfano wa punje za mtama au kunde. Kwa kawaida ng'ombe haonyeshi dalili yoyote. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, baada ya miezi miwili au mitatu anakuwa na tegu kamili tumboni.

"Sisi hatuli nguruwe"

Wengi wanadhani tegu ni wa nguruwe tu. Sivyo. Wapo tegu wa ng'ombe na tegu wa nguruwe. Wa ng'ombe husumbua tumbo, na wengine hawasikii chochote mpaka waone pingili.

Wa nguruwe ni hatari zaidi, na hapa nchini anajulikana sana katika maeneo kama Mbulu na Mbozi. Mayai yake yakiingia kinywani mwa mtu yanaweza kuweka vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hata asiyekula nguruwe anaweza kuyapata, kama aliyemwandalia chakula ana tegu huyo na hakunawa mikono baada ya kutoka chooni.

Ukaguzi unasaidia, lakini hautoshi

Mkaguzi wa nyama hupasua misuli ya taya, ulimi na moyo kutafuta vifuko. Nyama yenye vifuko vingi huteketezwa, na hasara ni ya mwenye ng'ombe. Ndiyo maana wengine hukimbilia kuchinja kichakani usiku. Hata ukaguzi mzuri unaweza kukosa vifuko vikiwa vichache. Na siku ya Iddi ya kuchinja au ya shughuli, ng'ombe wengi huchinjwa nyumbani bila mkaguzi kuitwa.

Kwa hiyo kinga ya mwisho iko jikoni. Pika nyama mpaka ndani isibaki nyekundu. Mshikaki uliobabuka nje huku ndani mbichi ndio unaotuponza. Kukausha kidogo juani, chumvi kidogo au ndimu haviui vifuko.

La kufanya

Ukiona pingili, usione haya. Nenda zahanati ueleze ulichokiona. Dawa zipo, ikiwemo prazikwanteli, ile ile inayotumika kutibu kichocho. Kidonge kimoja cha minyoo cha dukani hakitoshi kumwondoa tegu kwa uhakika. Tena usijitibu mwenyewe: kama umewahi kupata kifafa, mwambie mganga kabla ya kupewa dawa, kwa sababu prazikwanteli inaweza kuamsha degedege kwa mwenye vifuko kwenye ubongo.

Kijijini, suala la choo cha shambani lifike kwenye mkutano. Shimo la muda lenye kifuniko, mbali na kisima, linachimbwa kwa siku moja. Wachungaji nao wabebe jembe dogo la kufukia. Na wanaochinja wamwite ofisa mifugo kabla ya kisu kupita.

Tukiendelea kuulizana nani aliyemleta tegu Kilwa, hatutapata jibu. Mfugaji anapoteza nyama, mkulima anapoteza afya, na mnyoo ni ule ule. Unakatwa chooni na jikoni, na huko kila mmoja wetu ana sehemu yake.