Gari halinywi maji, linakula mtaji

Ni nadra mtu kupita Mlima Kitonga mchana, katika barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, akamaliza kona zake bila kuona gari limeegeshwa pembeni, kabini au boneti ikiwa juu na utingo ameshika dumu la maji. Mara nyingi ni Canter au Fuso iliyopakia vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, au bidhaa za madukani zinazopelekwa Iringa, Makambako na Njombe. Dereva akiulizwa kulikoni, hujibu bila wasiwasi: "Limechemsha kidogo tu. Hili gari linakunywa maji."

Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba hata wenye magari wameikubali. Wapo wanaonunua gari wakiambiwa na muuzaji kuwa ni zima, ila "linakunywa maji kidogo", nao wakalipa. Ukweli ni kwamba hakuna gari linalokunywa maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, na maji yaliyomo yanatakiwa kuzunguka humo humo kwa miezi mingi yakipungua kidogo sana. Gari linaloongezwa lita moja kila baada ya siku mbili linavuja, ama kwa nje ama ndani ya injini. Anayeongeza maji bila kuuliza ya jana yalikokwenda hana tofauti na mwenye duka anayejaza rafu kila asubuhi bila kujua kama bidhaa za jana ziliuzwa au ziliibwa.

Hasara yake huanza kidogo kidogo. Kinachovuja mwanzoni mara nyingi ni kitu cha bei ndogo: klampu iliyolegea, mpira wa rejeta uliopasuka, au mfuniko wa rejeta uliochoka. Mfuniko huo hudharauliwa, lakini ndio unaotunza presha. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100 pwani, na kwa nyuzi 93 hivi katika mji ulio karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari kama Njombe. Mfuniko mzima hupandisha kiwango hicho kwa nyuzi 20 hivi. Ukishaisha mpira wake, gari lenye mzigo mlimani litachemsha hata kama rejeta ni mpya.

Maji yakipungua, joto hupanda. Silinda hedi za magari mengi ni za aluminiamu, na zikizidiwa na joto hupinda. Hapo gasketi huungua, maji huchanganyika na oili, na oili iliyochanganyika na maji hailainishi vyuma. Injini ikinoki, kazi ambayo ingeisha kwa mpira mmoja sasa inadai kufunguliwa kwa injini, hedi kupelekwa kusawazishwa kwa mashine, au kutafutwa injini nyingine ya mtumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na katika injini ukuta huo ni ghali.

Tena bili ya fundi ni sehemu tu ya hasara. Kwa mfano, mfanyabiashara ambaye gari lake humbakizia Sh60,000 kwa safari baada ya kutoa mafuta na posho, na kufanya safari tatu kwa wiki, gari likilala gereji wiki tatu atakuwa amepoteza safari tisa, yaani Sh540,000, kabla hajanunua spea hata moja. Mkulima wa nyanya wa Ilula ana hali mbaya zaidi, kwa kuwa nyanya zilizokwisha kuchumwa hazisubiri gasketi.

Swali ni kwa nini ufa mdogo hauzibwi mapema. Wengi huwalaumu madereva, wakidai hawajali mali ya mtu. Lawama hiyo ina ukweli kidogo, lakini inaacha mzizi wa tatizo. Katika biashara nyingi ndogo, dereva hukabidhiwa gari kwa utaratibu wa hesabu. Jioni anaulizwa swali moja tu: hesabu iko wapi? Dereva anayeripoti kuwa gari linavuja anajua kesho litalala gereji, naye atalala bila posho. Anayenyamaza na kuongeza maji analeta hesabu na kusifiwa. Kwa utaratibu huo, mwenye gari mwenyewe anamlipa dereva wake ili amfiche ugonjwa wa gari.

Sababu ya pili ni imani kwamba kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yenye rangi, ni ya nchi za baridi. Magari mengi ya mitumba hutoka Japani yakiwa na kulanti ndani. Likivuja mara ya kwanza, linajazwa maji ya kisima, na baada ya miezi michache rangi imepotea na kutu imeanza. Ni kweli kulanti huzuia maji kuganda kwenye baridi kali, lakini hiyo si kazi yake pekee. Huchelewesha kuchemka, na ina dawa ya kuzuia kutu na kulika kwa aluminiamu. Maji ya kisima yenye chumvi hufanya kinyume chake. Tabaka jeupe linaloganda ndani ya birika la chai ndilo hilo hilo linaloziba vijia vyembamba vya rejeta.

Wapo watakaosema kulanti ni ghali, na kwamba madukani kuna maji yaliyotiwa rangi tu. Hoja hiyo ina uzito, na ni vyema mnunuzi aende duka analolijua, asome maelezo kwenye chupa na adai risiti. Lakini kulanti halisi hukaa miaka miwili au zaidi ikiwa mfumo hauvuji, na ile nzito huchanganywa na maji safi, mara nyingi nusu kwa nusu. Anayeshindwa kabisa ni heri atumie maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kuliko ya kisima. Njiani, maji yoyote ni bora kuliko rejeta tupu, ila hiyo ni huduma ya kwanza. Haiwezi kuwa tiba.

Mafundi nao wana sehemu yao. Gari likichemsha, baadhi yao hung'oa themostati na kumwambia mwenye gari kuwa nchi ya joto haiihitaji. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na huisha haraka. Katika baadhi ya injini, maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari likachemsha zaidi. Wengine humimina unga wa manjano au yai ili kuziba tundu. Tundu linaweza kuziba kwa muda, lakini vijia vya rejeta navyo vinaziba.

Dawa ya kwanza ni kupima kabla ya kufungua. Kipo kifaa cha mkono kama pampu kinachofungwa kwenye mdomo wa rejeta wakati injini imepoa. Hutia presha, na mahali panapovuja pakaonekana. Gereji ndogo nyingi hazina kifaa hicho, na fundi asiye nacho hulazimika kubahatisha kwa fedha za mteja. Wanachama wa SACCOS au chama cha ushirika wanaomiliki magari kumi wanaweza kukinunua kwa pamoja na kukiweka kwa fundi wanayemwamini.

Dawa ya pili ni rahisi zaidi, nayo ni daftari. Pale panapoandikwa mafuta na hesabu, iongezwe safu moja ya maji. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, dereva atazame kiwango na aandike alichoongeza. Asifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, wala asimwagie maji baridi injini iliyochemsha, kwani hedi inaweza kupasuka. Atazame pia chini ya gari kama kuna doa la rangi, na chini ya mfuniko wa oili kama kuna utando unaofanana na chai ya maziwa. Kulanti inayomwagwa isiachwe wazi uani, kwa sababu aina nyingi zina sumu yenye ladha tamu inayoweza kuua mbwa, mbuzi na hata mtoto.

Daftari hilo halitafanya kazi kama dereva ataendelea kuadhibiwa kwa kusema ukweli. Anayeripoti mvujo mapema alipwe posho ya siku gari linapotengenezwa. Posho ya siku moja ni ndogo mno ikilinganishwa na injini. Kwa mwenye gari anayeendesha mwenyewe, kanuni ni ile ile, isipokuwa anayedanganywa na anayedanganya ni mtu mmoja.

Mkulima hawezi kuzuia bei ya dizeli isipande wala mvua isiharibu barabara. Maji ya rejeta yamo mikononi mwake. Leo jioni, kabla ya kupokea hesabu, mwenye gari aulize swali moja zaidi: maji yameongezwa kiasi gani, na ya jana yalikwenda wapi?