Kijana Ataka Ferrari



Mama mmoja, msomaji wetu, ametuletea swali kwa simu, na sauti yake ilikuwa nzito. Mwanawe yuko Dubai mwaka wa nane sasa, ana kazi nzuri, na kila mwezi humtumia fedha za ujenzi. Nyumba imefika kwenye linta. Juzi kijana amempigia kumwambia kuwa ameona Ferrari iliyotumika, F355 ya mwaka 1997, kwa bei iliyo chini mno ya gari jipya la kampuni hiyo, basi ujenzi usubiri kidogo. "Sheikh," mama akauliza, "gari kama hilo si haramu?"

Tulimjibu kuwa gari lenyewe si haramu. Kipando kizuri kimetajwa katika hadithi miongoni mwa mambo ya kumfurahisha mtu duniani, na hatuoni vyema kuwaharamishia watu wasichoharamishiwa na Mola wao. Lakini mama mwenyewe anaishi wapi wakati huu? Akasema amepanga chumba. Hapo ndipo swali lilipogeuka, na tukaomba nambari ya mwanawe.

Kijana ni mpole, na hilo gari amelisoma kuliko wengi wanavyosoma mambo yao. Alitueleza habari za Maranello, mji wa Italia yanakotengenezwa magari hayo, na za injini yenye silinda 8 na vali 40 iliyowekwa nyuma ya viti. Tulimsikiliza kwa raha. Kisha tukamuuliza kuhusu mkanda wa taimingi.

Mkanda huo ni wa mpira, nao huzeeka kwa miaka hata kama gari limelala bandani. Ukikatika injini ikizunguka, vali na pistoni hugongana, na injini ikawa si injini tena. Katika F355 mafundi huishusha injini nzima ili kuubadilisha, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miaka michache. Mabomba ya ekzosi nayo yanajulikana kwa kupasuka. Kwa hiyo mnunuzi anayefurahia kuambiwa kuwa gari halikutembea sana huenda anafurahia balaa yake, maana gari lililosimama muda mrefu hukauka sili likaanza kuvuja. Bei ya kununua ni mlango tu; gharama zenyewe zimo ndani ya nyumba.

Akasema muuzaji ameandika kuwa anauza "kama lilivyo", na hataki malalamiko baadaye. Hapa fiqhi ina neno. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini yake, alimlaumu mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti la kujivua aibu humwokoa muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, wala halimwokoi kwa bidhaa nyingine. Na farasi aliyechorwa kwenye nembo ya gari hilo, tulimwambia kijana, hahesabiwi kuwa mnyama. Alicheka sana. Tukamshauri ashurutishe khiyari, ambayo kwetu haizidi siku 3, na ndani ya siku hizo alipeleke gari kwa fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji.

Fedha atatoa wapi? Nusu anayo, nusu atakopa kwa riba. Hilo tulimkataza bila ya kuzunguka. Ziko benki za Kiislamu huko zinazouza kwa murabaha: benki hulinunua gari kwanza likawa milki yake, kisha humuuzia kwa bei inayojulikana, alipe kwa awamu.

Alitaja pia kuwa gari hilo ni kitega uchumi, kwani bei yake hupanda. Ikiwa amenunua kwa nia ya kuuza apate faida, tukamwambia, basi ni mali ya biashara, na nisabu na mwaka vikitimia litatolewa zaka asilimia 2.5 ya thamani yake. Hakuwa amelifikiria. Na siku moja angelileta Mombasa? Dubai usukani uko kushoto, na sheria za Kenya kwa kawaida haziruhusu gari la namna hiyo kusajiliwa, wala kuingizwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8.

Mwisho tulimkumbusha kuwa makazi ya mzazi mhitaji ni katika nafaka iliyo wajibu kwa mtoto mwenye uwezo, na wajibu hauambiwi usubiri. Alinyamaza. Tukamuuliza tena, mkanda ulibadilishwa lini? Akasema atamuuliza muuzaji aonyeshe karatasi za sevisi.

Hadi tunaandika haya hajaturudia. Mama ametuambia kuwa kuta zimeanza kuota majani, na mwenye chumba amekwishapita kuulizia kodi.