Nthara Hana Hekalu la Mawe

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu wa isimu, wengi wao wazaliwa wa Embu na Meru, wanitajie miungu wa kike wanaowafahamu. Walimtaja Athena wa Wagiriki. Mmoja, mpenzi wa filamu za Kihindi, akamtaja Durga. Nilipouliza Nthara ni nani, darasa zima lilinyamaza.

Nthara si mungu, wala sidai kwamba aliabudiwa. Masimulizi ya Waembu yanasema kuwa Ngai alimuumba Mwenendega, akampa Nthara awe mkewe, nao wakafanya makao Mbui Njeru, karibu na mji wa leo wa Runyenjes. Kichaka cha Mwenendega kikawa mahali patakatifu pa kizazi chao.

Jina la Ngai lenyewe lina kisa. Wameru humwita pia Murungu, neno lenye nasaba moja na Mungu wetu wa Kiswahili. Ngai, kwa upande wake, limetoka kwa Wamaasai, wasemao Enkai, na kiambishi hicho en- ni cha jinsia ya kike. Enkai ni Mungu na ni mvua pia. Lugha zetu za Kibantu, zisizopambanua mume na mke katika ngeli zake, zililipokea neno na kuuacha uke wake mlangoni. Kisha wakaja wamishenari na Baba yao, na hakuna aliyekumbuka tena kuuliza.

Wapo wasomi wanaotudharau kwa kuwa hatukujenga. Na watazame Kamakhya, hekalu mashuhuri la mungu wa kike kule Assam, India, lililojengwa upya mwaka 1565. Chumba chake cha ndani kabisa hakina sanamu. Mna ufa katika mwamba, na chemchemi inayoulowesha. Kuta ni za wafalme. Kinachoheshimiwa ni jiwe na maji. Wazee wetu, waliochinja kondoo chini ya mugumo wakiuelekea mlima Kirinyaga, wangeelewa mara moja.

Tofauti ni kwamba ukuta hauchomwi makaa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoanza kugawa ardhi kwa hatimiliki za watu binafsi, vichaka vingi vya ibada vilijikuta ndani ya shamba la mtu mmoja, na mugumo ukawa kivuli kinachoidhuru kahawa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 63, inayahesabu maeneo ya ibada ya jamii kuwa ardhi ya jamii. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wapwani walikuwa na majina, mipaka na miiko iliyoandikwa. Sisi tuna nini cha kumwonyesha hakimu?

Tuna vitabu vya mwanahistoria H. S. K. Mwaniki vya mwaka 1973 na 1974, vilivyokusanya kauli za wazee wa Embu na Mbeere. Ni nadra kumkuta mwanafunzi aliyevifungua.

Walimu wa Runyenjes na Tigania wawape wanafunzi daftari moja muhula huu, wakawaulize nyanya zao: kichaka kiliitwaje, nani aliruhusiwa kuingia, mti upi haukuguswa, sala ilisemwaje. Waandike kwa Kiembu na Kimeru kwanza, tafsiri ya Kiswahili ifuate. Mimi niko tayari kuzisoma daftari hizo, zote.