Umeme Tunao, na Samaki Je?

Mimi ni karani wa mgodi. Kila siku naandika tani za shaba na umeme uliotumiwa na mashine. Katika daftari langu hamna mstari wa samaki. Ndiyo sababu naandika hapa.

Mto Lufira ulizibwa Mwadingusha mwaka wa 1930, ili maporomoko yatoe umeme wa migodi. Bonde likajaa maji, likawa ziwa Tshangalele. Baadaye zikajengwa kuta nyingine: Koni katika Lufira huo huo, Nzilo na Nseke katika Lualaba. Mito hiyo miwili hukutana chini, katika nchi ya maziwa ya Upemba na Kisale, ambako watu wengi wanaishi kwa uvuvi.

Wengine husema: "Ukuta umetuletea ziwa, na ziwa lina samaki." Ni kweli, hatukatai. Tena maporomoko yenyewe yaliwazuia samaki wengi kupanda hata zamani za babu zetu. Lakini ziwa si mto. Samaki wa maji ya kutulia wanastawi, wale wa maji ya mbio na mawe wanakosa makao. Na chini ya ukuta kuna neno kubwa zaidi. Kambale na wengine wengi hungoja mvua. Mto ukifurika, wanaingia katika majani kutaga mayai, na watoto wanakua humo salama. Ukuta ukishika maji ya mvua na kuyaachia polepole kwa haja ya mashine, mafuriko yanapungua, na uzazi wa samaki unapungua pia. Ongeza uchafu wa viwanda vya Likasi, unaoshuka kwa mto Panda mpaka Tshangalele: madini yake yamepimwa hata ndani ya samaki.

Uhuru tuliupata mwaka wa 1960. Jina la Francqui likaondoka, Mwadingusha likabaki. Mwaka wa 2021 mitambo yake ilirudi kazini baada ya kutengenezwa upya kwa ajili ya mgodi wa shaba. Vema. Lakini jina peke yake si uhuru. Uhuru ni mvuvi wa Kisale kuwa na kiti siku wanapopanga maji.

Hatusemi kuta zibomolewe. Tunadai mambo matatu: maji ya kutosha yaachiliwe wakati wa kutaga, uchafu usafishwe kabla ya kufika mtoni, na anayehesabu tani za shaba ahesabu pia samaki, mwaka kwa mwaka, mbele ya wavuvi wenyewe.