MAJI MEUPE SIYO MAJI SALAMA (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Mwese na wazazi wote mnaonifuatilia, leo sizunguki. Kuna ushauri unazunguka kwenye magrupu: choma magunzi ya mahindi, tumbukiza mkaa wake kwenye ndoo, maji yakiwa meupe mpe mtoto anywe. Jamani, hapana!

Ukweli kidogo upo. Mkaa wa magunzi, vifuu vya nazi au maganda ya karanga ukitengenezwa kitaalamu unakuwa na vitundu vingi mno. Gramu moja tu, kuta za vitundu vyake zikitandazwa, zinaweza kupita uwanja wa netiboli. Rangi inanasa humo, ndiyo maana wataalamu wanautumia kuondoa rangi kwenye maji ya viwanda vya nguo. Kule Arusha mkaa wa mifupa umetumika kupunguza floraidi inayoharibu meno ya watoto. Kila mkaa na kazi yake.

Sasa sikiliza. Mkaa huo unachomwa kwa joto kali, hewa ikizuiwa, kisha vitundu vinafunguliwa kwa mvuke au kemikali. Wa jikoni kwako siyo huo. Na hata wa kitaalamu unakamata rangi na harufu. Usiutegemee kuua vijidudu vya kipindupindu, taifodi na kuhara. Ukikaa bila kubadilishwa, bakteria wanazaliana humohumo.

Kibaya zaidi, mkaa unakula klorini. Ukitia dawa ya maji halafu ukayapitisha kwenye mkaa, umeitoa dawa yenyewe. Kuchuja kunatangulia, dawa inafuata.

Najua kuni zinachosha na dawa ni hela. Lakini anayekuuzia "mkaa wa kusafisha maji" hatakuwepo usiku mtoto akiharisha na macho yameingia ndani. Utakuwepo wewe. Muulize: kijidudu kina rangi gani?

Fanya hivi:
1. Chuja kwa kitambaa safi.
2. Chemsha mpaka yatokote kabisa, AU tia dawa kwa kipimo cha kwenye pakiti na usubiri dakika 30.
3. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Kikombe cha kunywea kisizamishwe humo.

Mtoto akiharisha, mpe ORS, endelea kumnyonyesha, na umlete kituoni mapema. Usisubiri kesho.

Mtumie na shemeji yako aliyekutumia ule ushauri.